Uso wa Mtu wa Machimboni

Makau alimkuta Warigia sokoni Thika akipanga vyungu vyake juu ya nyasi kavu, akamweleza kwa sauti ya chini haja iliyomleta. Makau alikuwa mhudumu wa chumba cha maiti hospitalini, na daktari wake alikuwa na fuvu la mtu asiyejulikana. Lilifukuliwa pamoja na mifupa mingine Ruiru, katika machimbo ya mawe, vibarua walipokuwa wakiondoa kifusi cha zamani. Daktari alikuwa na kitabu kinachoonyesha unene wa nyama kila sehemu ya uso wa binadamu. Alichokosa ni mikono inayoujua udongo.

Ulikuwa mwaka wa 1957, kufuatia vita vya Mau Mau, na nyumba nyingi za Wakikuyu zilikuwa na mtu aliyetoweka. Warigia mwenyewe hakujua kaka yake Githinji alilala wapi. Mama mkwe wake alimkataza katakata, akimwambia kwamba kugusa mambo ya maiti ni kujitafutia thahu, uchafu usiotoka kwa maji. Warigia alimsikiliza hadi mwisho, kisha akachukua udongo wake mzuri kabisa, akaenda.

Daktari alikuwa ametengeneza mfano wa fuvu kwa plasta, na Makau akaubandikia vijiti vya kiberiti vilivyokatwa kwa vipimo vya kitabu, vifupi kwenye paji la uso, virefu mashavuni. Warigia alitakiwa kujaza udongo hadi kwenye ncha za vijiti, asizidishe wala asipunguze. Siku ya tatu uso ukawa tayari, mzuri, karibu utabasamu. Makau aliutazama, akauliza ni nani. Hapo Warigia akaona alichokifanya: mikono yake ilikuwa imemfinyanga Githinji. Aliubomoa wote, akanawa, akaanza upya.

Safari hii aliacha mfupa umwongoze. Meno ya mbele ya chini hayakuwepo, yalikuwa yameng'olewa tangu ujana kama ilivyo desturi ya watu wa magharibi mwa Kenya, kwa hiyo akauacha mdomo wa chini uzame kidogo. Chini ya jicho la kushoto mfupa ulikuwa umewahi kuvunjika ukaunga vibaya, ukaacha bonde. Vidole vyake vilitamani kulisawazisha lile bonde, lakini aliliacha.

Uso uliwekwa juu ya meza nje ya kituo cha polisi cha Ruiru, na wachimba mawe wakapitishwa mbele yake mmoja mmoja. Mmoja alisimama, akavua kofia.

"Nicanor," alisema.

Inspekta alikasirika. Nicanor alikuwa ameandikwa mwizi miaka mitatu nyuma: msimamizi wa machimbo aliapa kwamba aliiba baruti, akatorokea msituni kwa wapiganaji. Mkewe, Jentrix, alifukuzwa kwenye nyumba za wafanyakazi siku iyo hiyo, na tangu hapo alikuwa akichuma kahawa ya watu.

Jentrix akaletwa. Inspekta aliufunika uso kwa kitambaa, akamuuliza kwanza kama mumewe alikuwa na alama yoyote. Alijibu papo hapo, kidole chini ya jicho lake la kushoto. Jiwe lilikuwa limempiga pale, na yeye ndiye aliyemkanda kwa maji ya moto wiki nzima. Kitambaa kikaondolewa. Warigia na daktari walikuwa wamesimama kando ya meza.

Jentrix aliutazama kwa muda mrefu. Alisema pua ya mumewe ilikuwa pana zaidi, na masikio madogo. Kisha akamgeukia Inspekta.

"Lakini ni yeye. Mlisema alikimbia. Alikuwa hapa hapa, chini ya mawe yenu, kazini."

Daktari aliongeza kwamba mbavu zilikuwa zimepondwa na mwamba, na kwamba utambi wa baruti ulikutwa chini ya mifupa. Baruti haikuibwa, ililipuka naye akiitega. Msimamizi alipoitwa tena, hakuapa. Alikiri kwamba ilikuwa rahisi zaidi kumwita mtu mwizi kuliko kumfukua. Mbele ya watu wote Inspekta akafungua kitabu chake, akalikata neno "mwizi".

Jumamosi Nicanor alizikwa, na machimbo yote yakasimama. Jentrix alimvuta Warigia hadi mstari wa mbele, mahali pa ndugu. Mchungaji alipofungua karatasi ili asome jina la marehemu, Jentrix aliichukua kutoka mkononi mwake na kulisoma mwenyewe, mara tatu, kwa sauti iliyofika hadi kwenye nyumba za wasimamizi, na kila mara wachimba mawe wakaitikia kwa kuligonga jiwe kwa nyundo.