Faili ya Kurudi

...na bado anatafuna, huyu Thadeus, meneja mzima, samosa mkononi, mafuta yanamtiririka mpaka kwenye saa, na sasa huyo, ameweka kidole kwenye skrini yangu, alama ya mafuta juu ya herufi zangu, bonyeza basi Mose, anasema, makombo yanatoka pamoja na maneno, wageni wa makao makuu wanafika saa tano waone mfumo mpya, kwani ni nini ngumu, si ni kitufe tu... ndiyo, kitufe tu, Enter, kidole changu kiko juu yake tangu amalize samosa ya kwanza, kwenye dirisha jeusi nimeshaandika migrate up, kale kamstari keupe kanawaka kanazima, na nikibonyeza, migresheni namba arobaini na moja itaingia kwenye data ya wagonjwa wa zahanati zetu zote sita, Mosocho, Nyamache, mpaka kule Nyamira, ipange majedwali upya, ifute kila faili iliyojirudia, jina moja kijiji kimoja basi ni mtu mmoja, ile ya kwanza ibaki, za nyuma ziende, na zikienda zimeenda... kwa sababu nimefungua faili ya kurudi, ile ambayo kila migresheni lazima iwe nayo ya kutengua ilichofanya, na ndani hamna kitu, kweupe, mstari mmoja tu, haitahitajika, ati haitahitajika! mtu mzima anaandika hivyo, ptuu, ni kama kupanda juu ya paa kisha unapiga ngazi teke, na diski ya akiba imejaa tangu Mei, hakuna nakala nyingine, tunaandikiana barua tu, na hii harufu jamani, ndizi zilizooza kule sokoni Daraja Mbili, zinapanda hadi dirishani zinachanganyika na samosa, na faili hii tupu ni ya Osewe, nani mwingine, tuliyekuwa tukiandika naye programu, mtu wa ziwani na mashati yake ya kunyooshwa, ameondoka mwezi jana akaniachia uchafu wake niuoshe... tuone basi nani atafutwa, orodha hii hapa, naiteremsha polepole Thadeus asiseme nimelala, Nyasani wawili, Bosire wawili, Mong'ina watatu, boma moja, na kila mahali ni mzee na mtoto, ngoja, mzee na mtoto, mzee na mtoto, si ni sisi hawa, mtu akifa mtoto anayefuata anabeba jina lake, nani Gusii nzima hajui, na hakuna aliyekuja zahanati kutangaza kwamba mzee wake amekufa, faili za marehemu ziko pale pale, ndizo za kwanza, ndizo zitakazobaki... Nyamoita Mokua, Mosocho, wawili.

Mama. Mama na Nyamoita wangu, faili ya mama ya presha, marehemu, na ya mtoto, miaka mitano, ile yenye maandishi mekundu, asidungwe penisilini, kwa sababu ile siku alidungwa uso ukavimba macho yakapotea, Lorna mke wangu anapiga kelele kwenye korido, na mtoto amenishika kidole hiki hiki, tata, ananiita mimi baba yake, tata, sauti inaisha... na akirudi kesho na kifua nesi atafungua Nyamoita Mokua, ataona bibi kizee wa presha, nyekundu hakuna, atachukua sindano... bonyeza Mose, unaomba ama, anasema Thadeus... na mbona kwenye kanuni hii hawakuweka tarehe ya kuzaliwa, mjinga gani huyu, ah, tarehe iliachwa kwa sababu wazee wetu wote waliandikishwa tarehe moja Januari, haiaminiki, hiyo nakumbuka, nakumbuka vizuri sana, mbona nakumbuka... kwa sababu niliisema mimi. Hapa hapa, Machi, Osewe amesimama na kikombe chake, Mose, kwenu si mnarithishana majina, hii kitu itakula watoto, na mimi nikacheka, wewe mtu wa ziwani utanifundisha Ukisii? nikaandika haitahitajika kwa mikono hii, nikaenda zangu lanchi, na alipokataa kuiendesha mabosi wakamwita mkutanoni, wakamwambia ana kichwa ngumu, akafungasha vitu vyake kwenye katoni, na mimi nilikuwa nimekaa pale, naangalia viatu vyangu, nakunywa soda yao, na mwezi mzima nimesema ni kazi ya Osewe, ni uchafu wa Osewe, mpaka nikaamini, aki ya Mungu nikaamini, na hii harufu nimekuwa nikisingizia ndizi.

Mose, anasema Thadeus, anapangusa vidole kwa bahasha, ni ile kazi ya Osewe inakusumbua, eh? na amenifungulia njia, pana, niseme tu ndiyo bosi, ni Osewe, tuahirishe, mtoto wangu apone na mimi nipone, hakuna atakayeuliza, Osewe mwenyewe hatajua... kamstari kanawaka kanazima, kidole bado kiko juu ya Enter, mafuta bado yako kwenye skrini, na maneno yamenikaa mdomoni, machungu, na safari hii siyamezi, hapana bosi, si ya Osewe, ni yangu, niliiandika mimi.