Goti la Kengele

Kengele alikuwa fundi miwani, lakini jina lake alilipata barabarani. Hakuwahi kumpita mtu bila kugonga kengele ya baiskeli yake, hata kama mtu mwenyewe alikuwa upande wa pili wa barabara na hana mpango wowote wa kuvuka. Watoto wa mtaani ndio walioanza kumwita hivyo, wakubwa wakadakia, na mwishowe hata mkewe akamwita Kengele. Ila hiyo ilikuwa akiwa na furaha. Akikasirika, alimwita "Baba."

Mkewe alishona mapazia, na mtaani walimwita Mama Mapazia. Chumba cha mbele kilikuwa chake. Cherehani ilikaa dirishani, majora ya vitambaa yaliegemea ukutani, na futi ya kupimia ilining'inia shingoni mwake tangu anapoamka, hata mara nyingine akaenda nayo sokoni bila kujua. Baiskeli ilikuwa moja. Siku za kazi Kengele aliipanda kwenda dukani na kurudi. Jumamosi ilikuwa zamu ya Mama Mapazia, aliyefunga mzigo wake nyuma na kwenda kupima madirisha ya watu.

Maumivu yalianza kwa kubisha hodi taratibu. Kwanza yalikuja kwenye ngazi za dukani, kitu kikikwaruza ndani ya goti la kulia kama kijiko kinachokomba sufuria. Baadaye yakahamia barabarani, kwenye mlima mrefu ulio kati ya nyumbani na kazini. Kengele akasingizia baridi. Baridi ilipokwisha akasingizia viatu. Akanunua viatu vingine, goti likaendelea na mambo yake.

Nyumbani alijikaza asichecheme. Lakini unamficha nani, mtu anayelala ubavuni mwako?

"Mbona siku hizi unashuka ngazi upande upande kama kaa?" Mama Mapazia alimwuliza.

"Nazizoea tu."

"Unazizoea? Ngazi tulizozikuta tulipohamia, wakati mwanetu anatambaa?"

Akamkalisha kwenye kiti, akachemsha maji, akatia chumvi, akachovya taulo na kumkanda. Alikanda polepole, ulimi umetokeza pembeni mwa mdomo kama afanyavyo akitunga uzi kwenye sindano. Kisha akalifunga goti kwa kipande cha bitana kilichobaki kwenye pazia la mtu.

"Mwili mzima uko kazini," alisema, "ni hili tu linataka kustaafu kabla ya mwenyewe."

Kengele alicheka, na kwa muda aliona nafuu. Kukandwa na mkono unaokupenda nako ni dawa, ila dawa ile ilikuwa haifiki mlimani.

Asubuhi moja goti lilimwishia katikati ya mlima. Alinyonga, mguu ukakataa. Ikabidi ashuke, akae ukingoni mwa barabara akilishika kwa mikono miwili kama mtu anayemzuia kuku asikimbie. Akaisukuma baiskeli hadi kazini. Kazi yake ilikuwa ya kusimama mbele ya mashine ya kusagia vioo, na siku hiyo kila alipouhamisha uzito kutoka mguu huu kwenda ule, mkono nao ulihama. Kioo cha mteja kikameguka ukingo. Hakuwa amewahi kuharibu kioo kwa sababu ya mguu. Alizima mashine, akaomba ruhusa, akaenda hospitali.

Alipokelewa na daktari wa mazoezi ya viungo, dada mmoja mwenye sauti ya uchangamfu na vidole vigumu kama koleo. Alilikunja goti, akalinyoosha, akaibonyeza pia ya goti mpaka Kengele akaona nyota mchana.

"Umekuja na nini, mzee wangu?"

"Na baiskeli."

"Na goti hili?"

"Goti ndilo linaloumwa. Baiskeli nzima."

Daktari akacheka, akamwambia waende nje akaione. Akamwomba apande huku ameegemea ukuta wa veranda, kisha azungushe pedali kinyumenyume. Kengele akazungusha. Kila goti lilipokuja juu, lilikaribia kugusa kifua.

"Hii baiskeli ya nani?"

"Yangu."

"Nani aliyeweka kiti hapa chini?"

"Mimi."

"Kwa nini? Mtu mrefu hivi unanyonga umejikunja kama panzi! Ndiyo maana goti linabanwa kila mzunguko."

Kengele akatazama chini. Kisha akaeleza, kwa sababu dada yule alikuwa anangoja jibu kweli.

Mama Mapazia alipokuwa msichana alianguka na baiskeli mbele ya kaka zake, wakamcheka wiki nzima, akaapa hatapanda tena. Akakaa na kiapo hicho mpaka akawa mama mtu mzima. Mwaka juzi, bila kutanguliza neno, akamwambia mumewe, "Nifundishe." Wakawa wanakwenda kwenye kiwanja cha shule Jumapili jioni, Kengele akikimbia nyuma ameshika kiti, jasho likimtoka, na mkewe akipiga kelele, "Usiniachie! Umeniachia? Usiniachie!" Sharti lake lilikuwa moja: akikaa, nyayo zote mbili ziguse chini. Kwa hiyo kiti kilishushwa. Mwanzoni Kengele alikuwa akikipandisha kila Jumatatu na kukishusha kila Ijumaa. Ijumaa moja akasahau. Asubuhi yake Mama Mapazia alitoka na mzigo, akakiona kiti kiko juu, akakigusa, akarudi ndani. Akasema mteja atangoja.

"Tangu siku hiyo sijakipandisha," Kengele alimaliza. "Sikutaka arudi ndani tena."

Daktari akakipigapiga kiti kwa kiganja. "Sasa mwambie."

"Nikimwambia, ataacha kupanda."

"Na usipomwambia, utaacha wewe."

Akamwelekeza. Apumzishe goti wiki kadhaa, aliwekee barafu likivimba, afanye mazoezi ya kuinua mguu ulionyooka na ya kukaa na kusimama polepole, ili paja lipate nguvu ya kulishika goti. Akirudi barabarani atumie gia nyepesi mlimani, asishindane na mlima. Na kiti kipandishwe, mpaka kisigino kikiwa juu ya pedali ya chini mguu unyooke.

Kengele alifanya yote isipokuwa la mwisho. Aliinua mguu sebuleni, akakaa na kusimama, mkewe akimhesabia kutoka kwenye cherehani. Kuhusu kiti, kimya.

Mficha maradhi, kilio humfichua. Siku ya kurudi kwa daktari Mama Mapazia alisema anakwenda naye, na hakuna aliyewahi kumzuia mama yule mlangoni. Daktari alilishika goti, akatikisa kichwa akiridhika, kisha akauliza, "Na kiti umekipandisha?"

"Kiti gani?" akauliza Mama Mapazia.

Daktari alimtazama Kengele. Kengele alitazama picha ya mifupa ukutani, kana kwamba kuna ndugu yake mle.

"Nadhani hilo mtalimaliza nyumbani," daktari alisema.

Hawakulimaliza nyumbani. Walilianzia barazani hapo hapo hospitali. Kengele alieleza yote, sauti chini. Mkewe alisikiliza mikono kiunoni.

"Baba," alisema, na Kengele akajua mambo yameharibika. "Kwa hiyo mimi nakanda, nachemsha maji, nafunga bitana za watu, kumbe maumivu yenyewe umeyapakia wewe mwenyewe kila asubuhi, kwa ajili yangu?"

"Siku ile ulirudi ndani. Nilikuona sura yako."

"Siku ipi?"

"Ile niliposahau kushusha kiti."

Mama Mapazia alikunja uso akitafuta kumbukumbu. Alipoipata, alifunika mdomo kwa kiganja, mabega yakaanza kutikisika. Kengele akadhani analia. Kumbe anacheka.

"Siku ile pazia la mteja nililikata fupi! Lilikuwa linaishia katikati ya dirisha kama kaptula. Nilikuwa sina uso wa kumpelekea. Nilipoona kiti kiko juu nikasema, Mungu mkubwa, nimepata kisingizio."

"Hukuogopa?"

"Kuogopa niliogopa. Lakini nina mikono, Kengele. Ungenionyesha nati iko wapi."

Wakabaki wanatazamana, watu wakiwapita na vyeti vyao vya dawa. Kisha kicheko kikampanda Kengele pia, mpaka akalazimika kushika ukuta.

Jioni ile waliitoa baiskeli uani. Nati ilikuwa imeshika kutu, kwa hiyo Mama Mapazia akaleta mafuta ya cherehani, wakaitilia na kungoja. Yeye ndiye aliyeshika spana. Ilipoachia kwa mlio mkali, aliruka nyuma akashangilia. Kisha akavua futi shingoni, akampima mumewe mguu kwa ndani, kama alivyompima suruali tangu wachumbiane.

"Simama wima. Usivute tumbo, sipimi tumbo."

Goti halikupona haraka. Wiki zilizobaki za kupumzika Kengele alikwenda kazini kwa basi, naye Mama Mapazia akawa na baiskeli siku zote, akajizoesha mpaka akaacha kutaka unyayo mzima chini. Vidole tu vikamtosha. Kengele aliporudi barabarani, mlima aliupanda nusu, nusu nyingine akausukuma, na hakuona haya. Kila Jumamosi mkewe alifungua nati akakishusha kiti, na Jumapili jioni alikirudisha juu mwenyewe.

Siku moja Kengele alirudi kutoka kazini, asubuhi yake ameupanda mlima wote. Alisimama mlangoni amejaa tabasamu.

"Limesemaje leo?" Mama Mapazia aliuliza bila kuacha kushona.

"Limenung'unika kidogo juu kule, likanyamaza."

"Na mwenyewe?"

"Mwenyewe kanung'unika zaidi."

Mama Mapazia akalivuta jora la kitambaa kizito kwa mguu wake, akalipigapiga liwe laini. Kengele akaketi, akaunyoosha mguu juu yake, na cherehani ikaendelea.