Alama za Kimo Penye Mkataba

Haya alinisimulia jirani yangu, mke wa karani wa hazina, wiki ile maji ya bomba yaliporudi mtaani. Tulikuwa kwenye foleni, kila mtu na ndoo yake.

Vita vilipoanza, mumewe alileta nyumbani majalada ya mikopo ya nchi, yasije yakaungua ofisini. Kisha akakamatwa, miaka minne hajulikani aliko. Risasi zikatoboa ukuta wa chumba, baridi ikaingia. Mama wa watu akakoroga unga na maji, akabandika zile karatasi juu ya matundu. Angejuaje?

Karani alirudi amani ilipokuja. Wakopeshaji nao wakasema watasamehe deni, ila kwanza wauone mkataba wenye muhuri, mwisho Ijumaa adhuhuri. Na habari yenyewe ilimfikia karani asubuhi ya Ijumaa hiyo hiyo.

"Yaani mtu akusamehe, mpaka umhakikishie kwamba anakudai?" aliuliza wifi yake, muuguzi, akilowesha ukuta kwa kitambaa cha maji moto. "Wifi yangu, kumbe wewe ulikuwa unalala ndani ya hazina na hutuambii!"

Walicheka, hata karani. Karatasi zikabanduka moja moja, ukabaki ukurasa wa muhuri, karibu na mlango. Mke akasimama mbele yake.

"Huu hapana."

Ulikuwa na mistari ya penseli, kimo cha mwanawe mwaka hadi mwaka. Wa mwisho ulimfika mama kifuani. Baada ya huo mtoto alitoka kuteka maji, hakurudi. Picha hata moja haikubaki.

Karani aliutazama ule mstari wa juu. Hakuwahi kumwona mwanawe akiwa mrefu hivyo.

"Mke wangu," akasema, "sikulazimishi."

Wifi hakutania tena. "Wodini kwangu watoto wanalala wanne kitanda kimoja. Pesa ya dawa inakwenda kwenye deni. Nimesema, sirudii."

Mke hakuondoka pale mlangoni mpaka maji yakapoa. Halafu akachukua msumari, akatoboa karatasi penye kila mstari mpaka ndani ya lipu, taratibu, asiuguse muhuri.

"Haya. Pasheni maji tena."

Karani aliufikisha mkataba ungali mbichi. Walifuta deni, ingawa si lote. Aliporudi alijitupa kitandani na viatu vyake, usingizi ukamchukua. Wifi alikwisha kwenda zamu.

Mke akavuta mkeka mpaka mlangoni. Upepo ulikuwa unapita kwenye matundu ya risasi. Akapapasa lipu mpaka akakipata kile kitobo cha juu, akakiwekea kidole, akalala mchana ule ule.