Jiko la Mbele

Bibiana alipofika kwenye kiwanja chake pale Pongwe akamkuta fundi wake, Zabron, anachimba msingi wa kibanda nyuma ya nyumba, moyo ulimlipuka.

"Shikamoo mama," Zabron alisema.

"Marahaba. Hicho nini?"

"Jiko. Si ulisema nyumba iwe kama ile ya meneja wa mkonge? Kule jiko lilikuwa nje. Nimefuata vilevile."

Yesu na Maria! Miaka ishirini na sita alipika kwenye nyumba ile waliyoiacha wakoloni, na kila siku alivuka ua na sinia mikononi, jua liwake, mvua inyeshe. Mchuzi ukiingia maji, alaumiwe yeye. Hata hivyo nyumba yenyewe aliipenda, wala hakuona haya kusema: baraza pana pande zote, paa la juu, madirisha ya luva yanayopitisha hewa. Ndiyo maana mwanawe Timotheo alipotaka kumjengea, Bibiana alivikataa katakata vyumba vya dari fupi vya kutegemea kiyoyozi. Alimchorea Zabron kila kitu mchangani kwa fimbo, na Zabron akatia vya kisasa: mabati ya rangi, sola, bomba la maji ndani. Mpaka hapo walikuwa wakielewana.

"Fukia," Bibiana alisema, akanyoosha kidole kwenye chumba cha kona ya mbele. "Jiko langu linakaa pale."

"Pale ni sebule, mama!"

"Kwani mimi sijui? Meneja ndipo alipokaa. Nikiingiza chai, upepo wa bahari unanipiga usoni, nusu dakika tu, halafu haya, rudi kwenye moshi. Leo mwenye nyumba ni mimi."

"Jiko mbele ya nyumba! Watu watasema Zabron hajui kazi."

"Waseme. Mimi nitakuwa napika."

Zabron akampigia simu Timotheo, akaweka sauti ya nje. Timotheo naye akasitasita. Wageni je, watakaa wapi?

"Barazani!" Bibiana alifoka. "Na bila jiko hilo sihami ng'o. Nitabaki kwenye chumba changu cha kupanga mpaka mje kunizika."

"Fundi," Timotheo alisema mwishowe, "fanya anavyotaka mama."

Zabron alijenga huku akinung'unika wiki nzima. Akaweka jiko la gesi, sinki chini ya dirisha, vigae vyeupe mpaka nusu ya ukuta. Siku ya kufunga luva za mwisho, saa saba mchana, umeme ukiwa umekatika mtaa mzima, alimaliza kazi lakini hakutoka. Bibiana alimkuta ameketi sakafuni, shati lililolowa jasho limeshamkauka kwa upepo.

"Mama, hii kona uliijuaje?"

"Kwa kubeba sinia, mwanangu."

Ilibaki ngazi ya barazani. Zabron alikuwa na kawaida ya kuandika jina lake kwenye saruji mbichi kila amalizapo nyumba. Safari hii Bibiana aliinama, akasoma herufi moja moja: FUNDI BIBIANA NA ZABRON.

Alisoma tena. Kifua kilimjaa, akajivuna waziwazi, mikono kiunoni.

"Zabron," alisema, "lifute hilo jina langu."

Zabron alishtuka. "Nimekosea, mama?"

"Ni dogo mno. Liandike upya, mtu alisome akiwa kulee barabarani."