Bomba la Mzee Kalinga

Siku Kampuni ilipofungua bomba, Tekla alikwenda kukinga maji akiwa na mtoto mgongoni. Mtoto alikuwa akilia tangu azaliwe kwa kuwa hakuwa na jina. Kwao, huko vilimani nyuma ya Kalenga, jina huombwa kwenye kaburi la babu, na kaburi la baba yake, Mzee Kalinga, lilikuwa katikati ya shamba la Kampuni la miwati, miti inayokuzwa kwa ajili ya magome yake, ng'ambo ya seng'enge.

Tekla alikwisha kumwomba karani wa Kampuni, Silvester, ruhusa ya kupita. Akajibiwa kwamba njia haipo, ila bomba linakuja. Aliuliza bomba la nini, ilhali hakuna aliyeliomba. Silvester alitazama nyuma kwanza.

"Dada, kiangazi njiti moja ya kiberiti inamaliza shamba zima. Mwenye hasira anawasha. Aliyepewa maji anakuja kuzima."

Siku hiyo ya kufunguliwa, bomba lilikohoa, likatoa ukungu kidogo, kisha ikatoka sauti ya Mzee Kalinga.

"Kamwene."

"Kamwene, baba," wanawake waliitikia salamu, wakasogeza ndoo zao.

Tekla alipiga goti topeni, akamweleza baba yake habari za mahindi, za ng'ombe aliyevunjika mguu, na za mtoto. Mzee alisikiliza, maji yakitoka membamba, yakinuka udongo. Akasema mtoto apewe jina lake. Kalinga mdogo akanyamaza, akalala. Kijiji kikasikia tena ndege.

"Na mimi mtakuja kunipalilia lini?" mzee aliuliza. "Mizizi imenifika kifuani."

"Kuna seng'enge, baba."

"Basi fungeni, maji yasipotee."

Meneja wa Kampuni alipoambiwa, alifurahi. Wageni kutoka Ulaya walipopita wakielekea Mbeya, aliwapeleka bombani. Wakaamkiwa vizuri na mzee, wakapiga picha. Kampuni ikaleta bomba la pili, na seng'enge ikaongezwa waya mmoja juu.

Tangu hapo matambiko hufanyika bombani. Tekla humimina pombe ya ulezi kwenye sementi, nayo hushuka mtaroni, ikapenya chini ya seng'enge mpaka kwenye miwati. Miti ya upande ule imenenepa, na Silvester husifu magome yake.

Mzee akiulizwa kama pombe imemfikia, husema amepata harufu.