Kilichoachwa Chini ya Sindano

Walikuwa wameifuta vumbi. Hilo ndilo nililoliona kwanza, hata kabla sijamwona mwanamke aliyekuwa ameketi mbele yake. Cherehani ya mke wangu iling'aa katikati ya ukumbi kama bibi harusi aliyepambwa na watu wasiomjua, na chini ya sindano yake palikuwa na kitambaa ambacho si chetu.

Binti yangu akanishika kiwiko. "Baba, twende taratibu."

"Taratibu ya nini tena? Mmeshamaliza."

Mtaa mzima ulimwita mke wangu Fundi. Mimi nilimwita mama watoto. Katika kazi yake alikuwa na mwiko mmoja: hakuinuka kitini mshono ukiwa katikati. Chungu kiungue, mgeni apige hodi mpaka sauti imkauke, yeye atamaliza mshono, atakata uzi kwa meno, ndipo aulize, "Haya, nani anakufa?" Asubuhi moja, akiunga mkono wa shati langu, aliinuka mshono ukiwa katikati. Alisema kifua kinambana, anakwenda kunywa maji. Tukamkimbiza hospitali, tukaketi kwenye benchi. Madaktari wakubwa walikuwa kikaoni. Kikao kilipokwisha, na yeye alikuwa amekwisha.

Shati likabaki chini ya sindano, nami nikapiga marufuku mtu yeyote kuligusa. Majirani walisema ni wazimu wa mgane. Waache waseme. Mimi niliona kwamba madhali uzi haujakatwa, kazi yake haijaisha, na mwenye kazi huweza kuchelewa bila kuitwa marehemu. Nilifagia kuizunguka cherehani ile kama mtu afagiaye kando ya kitanda cha aliyelala.

Kisha nikaenda kumuuguza kaka yangu. Niliporudi, pembe ya cherehani ilikuwa tupu, sakafuni pamebaki alama za miguu ya chuma. Binti yangu alisema watu wa jumba la makumbusho walipita mtaani wakiomba vyombo vya nyumbani kwa ajili ya maonyesho, naye akawapa. "Nilitaka watu wamjue mama," akasema. Nilivaa viatu.

Mlangoni mwa jumba hilo walikuwa wamebandika matangazo marefu: vinyago ghorofa ya chini, picha za wachoraji chipukizi juu, darasa la ufinyanzi kila Jumamosi, na "Mikono ya Nyumbani", ambako mgeni anakaribishwa kushona. Mlinzi aliniuliza nimekuja kuona maonyesho gani.

"Nimekuja kuona wizi."

"Huo haupo kwenye tangazo, mzee," akasema, akanifungulia.

Basi nikasimama pale ukumbini. Mwanamke yule alikanyaga pedali, cherehani ikalia sauti yake ile ile. Alipomaliza kipande chake alimpisha mwingine. Foleni ilikuwa imefika dirishani, kila mtu na kitambaa chake mkononi: kipande cha pazia, cha sare ya shule, cha foronya. Kila mmoja alikiunga kwenye cha aliyemtangulia, na kile kitambaa kirefu kilishuka upande wa pili kikajikunja kapuni.

Msimamizi wa maonyesho alikuja, mama wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kifuani. "Karibu, mzee wangu. Nimeambiwa wewe ndiye mume wa Fundi."

"Shati langu liko wapi?"

"Lipo. Hatukuweza—"

"Mama, nisikilize. Ninyi wakubwa mna tabia moja. Mkiwahi, mnachukua; mkichelewa, tunazika. Sikuja kugombana. Nipe shati langu na cherehani yangu, niwaachie taa zenu."

Watu wa foleni walitazama dari, kama vile dari nayo ilikuwa maonyesho. Msimamizi hakubisha. Aliinama kapuni akaanza kuvuta kitambaa kile, pazia, sare, foronya, kikaja mikunjo kwa mikunjo mpaka mwanzo wake, na mwanzo wake ulikuwa shati langu la buluu.

Nililipokea kwa mikono miwili. Mshono wa mama watoto niliujua kwa vidole: mdogo mdogo, ulionyooka kama safu ya siafu. Niliufuata begani, ukashuka kwapani, na pale ulipopaswa kukoma haukukoma. Hapakuwa na fundo. Hapakuwa na alama ya mkasi. Uzi ule ule uliendelea, ila sasa uliyumba kama mlevi anayetafuta nyumba yake, ukavuka ukingo wa shati ukaingia kwenye kipande cha gauni la maua.

Gauni lile nililijua pia.

"Huu uliopinda ni wa nani?"

Msimamizi alivaa miwani yake bila sababu.

"Wangu, Baba," binti yangu akasema. "Walitaka kukata uzi. Nikawaambia usikatwe, nitakaa mimi niunge kipande cha gauni langu. Nilikaa siku ya ufunguzi, watu wote wananitazama."

"Mama yako alikukataza kugusa cherehani hii."

"Alisema ninailevya sindano." Akalaza kiganja juu ya mshono uliopinda. "Lakini wewe ulikuwa unafagia tu, Baba. Unafagia na husemi. Mimi na mama tungeonana wapi?"

Nikaomba mkasi. Msimamizi aliutoa mfukoni, akaniwekea kiganjani. "Ni mali yako, mzee. Ukikata, hatutakuzuia."

Nilitafuta pa kukata. Niligeuza shati nje ndani, nikaliinua kwenye taa zao. Mahali mmoja alipoachia na mwingine alipopokea palikuwa tundu moja la sindano, na uzi uliopita humo ulikuwa mmoja. Kukata upande wa mtoto ni kukata upande wa mama.

Nyuma yangu bibi mmoja aliyeshika kipande cha foronya alikohoa. "Baba, samahani. Unashona au unakata? Miguu yangu si ya kukopesha."

Nikakaa, maana kiti kilikuwa karibu, hakuna aliyekikalia. Kilikuwa kifupi, cha kimo chake, na magoti yangu yaligota mezani. Mkasi niliuweka mapajani. Nikaweka mguu kwenye pedali, nikasikia baridi ya chuma ikipenya soli ya kiatu.

"Usianze kwa mguu," binti yangu akasema polepole. "Uzi utakatika. Mama alikuwa anaanza kwa mkono."

"Najua," nikasema, nami sikuwa nikijua. "Njoo uniwekee mkono wako hapa kwenye gurudumu."