Maziwa ya Bibi Yuditha

Wiki tatu nzima Kindness alikuwa akijitia hamnazo, na kazi hiyo ilianza kumshinda. Akikaa kuandika tasnifu yake katika chumba alichopanga mjini, mtaa wa Pasua, roho inamsuta. Akipika, inamsuta. Jumapili alikwenda kanisani angalau apumzike, na mchungaji, kana kwamba ametumwa, akahubiri habari za ushahidi wa uongo mwanzo hadi mwisho.

Tusimwonee. Msichana alikuwa na akili, tena za kutosha kugawia wenzake. Miaka minne alikuwa maabara akitengeneza tepe za karatasi za kupimia maziwa. Juu ya kila utepe alipaka nyuzi za kaboni, na ukitaka kujua wembamba wa uzi mmoja, chukua unywele wako uupasue mara elfu hamsini, kisha jaribu kushika kipande kimoja. Ndiyo sayansi ya nano hiyo. Umeme mdogo unapita kwenye nyuzi. Maziwa yakiwa na mabaki ya dawa aliyochomwa ng'ombe, dawa inanasa pale, umeme unapungua, na simu iliyounganishwa na utepe inaonyesha nyekundu. Yakiwa safi, kijani. Hakuna tena kusubiri majibu ya mjini siku tatu huku maziwa yanaganda.

Alikwenda kuzijaribu kijijini kwao Masama, mlimani, kwenye kikundi cha wafugaji ambako watu thelathini na mmoja hupeleka maziwa kila asubuhi. Siku hiyo walikuwepo wageni wa mradi, wale wanaoamua kama utafiti utaendelea au utaishia hapo. Na siku hiyo hiyo Kindness aligundua kwamba kopo la tepe lilibaki wazi dirishani tangu jana yake, na ukungu wa Julai unavyoshuka kule juu kila mtu anaujua. Nyuzi zile zikinyonya unyevu, umeme unapungua hata bila dawa yoyote. Kabla watu hawajafika, alijaribu utepe mmoja kwenye maziwa aliyokuwa na hakika nayo. Ukatoa nyekundu.

Hapo ndipo angesema, jamani, leo haiwezekani. Hakusema. Alijaribu wa pili, ukatoa kijani, akajipa moyo kwamba ule wa kwanza ulikuwa na kasoro yake peke yake.

Wakapimwa mmoja mmoja. Kijani, kijani, kijani, mpaka wageni wakaanza kutazama saa. Wa ishirini na mbili alikuwa Bibi Yuditha, mjane wa miaka sabini na kitu, mwenye ng'ombe mmoja anayemsemesha kama mtu. Nyekundu. Wageni waliinuka vitini, wakapiga picha, mmoja akampa Kindness mkono wa pongezi. Na Kindness, Mungu amsamehe, alifurahi.

"Mimi sijachoma ng'ombe sindano," alisema Bibi Yuditha.

Mzee Ebenezeri, mwenyekiti wa kikundi, alimgeukia Kindness. "Kipimo kinasemaje, binti?"

"Kinasema kuna dawa."

Hakudanganya, kipimo ndivyo kilivyosema. Kwa maneno hayo hayo alijitetea mbele ya nafsi yake wiki zote tatu. Maziwa yakamwagwa kwenye migomba watu wote wakiona, na Bibi Yuditha akasimamishwa kikundini mwezi mzima.

Kindness alikuwa amebakiza chupa ndogo ya maziwa yale. Siku ya tatu aliyapima maabara, kwa mashine kubwa, akarudia mara mbili. Yalikuwa safi kabisa. Hakumwambia mtu, na katika sura ya nne ya tasnifu nyekundu ile ikakaa pale pale, imeandikwa kama ushindi.

Jumamosi moja, saa tano asubuhi, mlango wake wa Pasua ukagongwa. Alikuwa Bibi Yuditha, peke yake, vumbi mpaka magotini.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Aisee, huku mmebanana! Nimeuliza nyumba saba."

Alikaribishwa kiti, akakataa kukaa. Kindness akajua mambo yamekwisha, bibi amepata habari, na kwa kweli alisikia nafuu kidogo.

"Nimekuja kwa kosa langu," alisema Bibi Yuditha. "Asubuhi ile ndoo yangu ilitoboka, nikaazima ya jirani. Ng'ombe wake alikuwa anaumwa kiwele, amechomwa sindano. Mimi nikaisuuza tu, sikuichemsha. Nimekaa nimefikiri, nikaona ni hiyo ndoo. Halafu nikasimama mbele ya wageni wako nikabisha, nikakufanya wewe mwongo, mtoto wetu uliyesoma."

Akatoa ndani ya kanga jani refu la kijani, limefungwa fundo, akamnyooshea kwa mikono miwili.

Lilikuwa isale. Mmea huo ndio unaopandwa mipakani mwa vihamba, mashamba yetu ya migomba, na jani lake ndilo la kuombea msamaha. Ukiletewa isale husemi utafikiria. Hata aliyeuliwa ndugu hulipokea. Kulikataa ni kujitafutia laana, na hilo hakuna mtu wa Masama asiyelijua, awe amesoma mpaka wapi.

"Nilitakiwa nije na mtu mzima mwenzangu," bibi aliongeza, "ila niliona aibu kumwambia mtu."

Kindness alilitazama jani. Akilipokea, kosa linakuwa la huyu mama mpaka anaingia kaburini. Mkono ukagoma kunyanyuka.

"Hulipokei?" bibi aliuliza. Akashika ukingo wa meza, akaanza kupiga magoti.

"Hapana, bibi, usipige magoti!" Kindness alimdaka viwiko. "Ndoo haikuwa na kitu. Tepe zangu ziliingia ukungu. Nilijua kabla hamjafika. Maziwa yako niliyapima tena baadaye, yalikuwa safi."

Sasa Bibi Yuditha akakaa.

"Uliyapima lini?"

"Siku ya tatu."

"Siku ya tatu," alirudia bibi. "Mjukuu wangu amekataa maziwa yangu, unajua? Hata mimi mwenyewe niliacha kuyanywa. Namkamua ng'ombe, nayamwaga, namwomba radhi."

Kindness alilia kwa sauti. "Nisamehe, bibi."

"Humu chumbani?" Alilikunja jani lake, akalirudisha kwenye kanga. "Mimi niliaibika mbele za watu. Lako ukalikate kwenu. Jumatatu saa moja, watu wakiwa foleni na ndoo zao, uje useme kama ulivyoniambia."

"Watanifungia mradi, bibi. Shahada yenyewe itapotea."

"Ee," alijibu Bibi Yuditha, akaondoka.

Jumatatu Kindness alifika na jani mkononi. Foleni ilikuwa ndefu, na pembeni, bila ndoo, alisimama Bibi Yuditha amevaa nguo za kanisani. Kindness alisema yote: kopo dirishani, utepe wa kwanza, chupa ya maabara. Angeweza kuishia hapo.

"Na ilipotoka nyekundu," alisema, "nilifurahi."

Bibi Yuditha alifumba macho. Hilo hakuwa ameambiwa. Kindness akanyoosha isale, na jani likabaki hewani muda mrefu mpaka watu wakaanza kuguna. Mwishowe bibi akalipokea, kwa mkono mmoja, kwa sababu mila haimpi mtu nafasi ya kukataa.

Kisha akamgeukia Mzee Ebenezeri.

"Kesho naleta maziwa," alisema. "Ila apime mtu mwingine."